Baiskeli kwenye milima ya Ufaransa bila kukutana na magari: inawezekana au najidanganya?

MamaZuhura_Gent

Habari zenu wapendwa. Najua jukwaa hili ni la magari na pikipiki zaidi, lakini hakosekani mtu wa baiskeli.

Naishi Gent, Ubelgiji, mwaka wa tisa huu. Huku baiskeli ndiyo miguu yenyewe: kazini baiskeli, sokoni baiskeli, hata harusi ya juzi nimekwenda na baiskeli, gauni nimelikunja kiunoni. Mwaka jana mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka 11 tulitoka Gent hadi Brugge kwa njia ya pembeni ya mfereji, tukalala, kesho yake tukarudi. Mtoto akanogewa. Sasa anataka milima. Anasema huku kila kitu kimelala kama chapati.

Tumefikiria Ufaransa, wiki ya kwanza ya mwezi wa saba akifunga shule. Tutakwenda na gari, baiskeli tumezifunga nyuma. Siku tano hivi.

Sasa shida zangu. Miaka mitatu iliyopita kioo cha pembeni cha gari la mizigo kilinipiga bega nikaangukia mtaroni. Mkono ulipona, moyo bado. Nikisikia injini nyuma yangu nashika breki bila kupenda. Mume wangu naye goti la kushoto lilifanyiwa upasuaji. Daktari kamruhusu baiskeli, ila si ya kukanyagia kwa nguvu. Na nikiangalia ramani ya huko vijijini naona barabara tu, D hii na D ile (barabara za mkoa), zimejikunja kama utumbo wa mbuzi, kila moja ina magari.

Kuna njia ya milimani ambayo gari haliingii na goti haliumii? Au tubaki zetu kwenye mfereji? Niambieni ukweli, msinipambe.

Nyuki77

Sisi huku tukiona mlima tunaita bodaboda. Nyie mnaendesha gari siku nzima kwenda kuutafuta mlima ili muupande kwa baiskeli. Haya, safari njema. Mimi nipo hapa nasoma tu.

Msambaa_wa_Valence

Dada, umefika penyewe. Mimi kwetu Soni, Lushoto. Sasa naishi Valence, kwenye bonde la mto Rhône, mwaka wa 14. Milima naijua ya kwetu na ya huku, na zote nimezipita kwa baiskeli, ya kwetu ikiwa na gunia la kabeji nyuma na kandambili ikiwa ndiyo breki.

Jibu la swali lako ni moja: tafuta reli iliyokufa.

Nikueleze kwa nini. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki vizuri, kwa hiyo treni haiwezi mwinuko mkali. Mhandisi wa reli akifika milimani hana ujanja wa kupandisha kama barabara ya Mombo-Soni, kona juu ya kona. Yeye anafuata mto. Panapombana anachonga mwamba, panapokatika anajenga daraja, panapoziba kabisa anatoboa handaki. Akimaliza, unapata njia inayopanda mita 3 tu kwa kila mita 100, na hiyo ndiyo sehemu kali. Reli ikifungwa, vyuma vikang'olewa na mataruma yakaondolewa, inabaki njia ya baiskeli ambayo hakuna serikali ingeijenga leo kwa ajili ya baiskeli peke yake. Ukiwa juu yake unaona milima kushoto na kulia, umezungukwa, lakini wewe mwenyewe hupandi mlima. Unapanda bonde.

Wafaransa wanaiita voie verte, njia ya kijani. Tangu 2004 ipo ndani ya sheria zao za barabarani: ni ya waendao kwa miguu, baiskeli na farasi, chombo cha injini hakiruhusiwi. Kibao chake ni mraba wa bluu wenye mtu na baiskeli. Kikariri hicho kibao, maana kuna neno la pili linalowachanganya wageni kila mwaka: véloroute. Hiyo ni njia iliyowekewa alama za baiskeli, basi. Inaweza kukupitisha kwenye voie verte kilomita 10 halafu ikakutupa kwenye D yenye malori ya mbao, na alama bado inakuambia uko sawa. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na binti yangu, nafuata alama kwa imani, mara tukajikuta kwenye kona ya mteremko na lori linapumua nyuma yetu. Tulikaa kwenye majani nusu saa kabla hajakubali kupanda tena baiskeli. Kwa hiyo kwenye ramani angalia mistari: kwa kawaida iliyotengwa na magari na ile ya kushirikiana nayo huchorwa tofauti. Usiangalie jina la njia, angalia mstari.

Sasa njia yenyewe. Kwa hali yenu ninyi watatu nakushauri Dolce Via, mkoa wa Ardèche, ng'ambo ya Rhône kutoka kwangu. Ni kama kilomita 90 ukihesabu matawi yake yote. Reli ilifungwa 1968. Ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na ile ya Tanga, ndiyo maana siku ya kwanza nilipopita kwenye madaraja yake nilijisikia niko kwetu: membamba, ya mawe, yamejipinda kufuata kona.

Unaanzia La Voulte-sur-Rhône, acha gari hapo. Unaingia bonde la mto Eyrieux, unapita Saint-Laurent-du-Pape, Saint-Fortunat, unafika Les Ollières. Hiyo ni kama kilomita 20, siku ya kwanza inatosha. Siku ya pili mpaka Le Cheylard, kama 28. Jumla kutoka La Voulte hadi Le Cheylard mnapanda mita 340 hivi katika kilomita karibu 50. Piga hesabu: wastani hata mita 1 kwa kila mita 100 haifiki. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 30 na ushee, na unapanda mita 1,000. Umeona tofauti? Shemeji na goti lake atakuwa anakanyagia kama anasaga kahawa.

Kutoka Le Cheylard njia inagawanyika. Tawi moja linapanda Saint-Agrève, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Huko mwinuko mnausikia kweli, haukati. Tawi jingine linapita Les Nonières kwenda Lamastre. Mkiwa na nguvu, siku ya tatu nendeni mpaka Les Nonières mkiwa hamna mizigo, mgeuze. Siku ya nne na ya tano mnashuka mlikotoka. Wengine watakuambia panda na gari, ushuke tu. Mimi napinga. Mkipanda kwanza, kila kilomita ya jasho mnaiweka benki, na siku mtoto amechoka ndiyo siku baiskeli inatembea yenyewe.

Msipige picha ya lami laini kama ya mfereji wenu. Sehemu kubwa ni udongo na kokoto ndogo zilizoshindiliwa. Tairi nyembamba za mbio ziacheni nyumbani. Za milimita 35 kwenda juu zinafaa. Na pale inapopita kwenye nyumba za watu, mwenyeji anaweza kuingia na gari lake kwenda kwake, taratibu. Nimekuambia mapema usije ukashtuka ukasema Msambaa kanidanganya.

MamaZuhura_Gent

Kaka yangu, nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mume wangu kwa sauti. Pale pa kusaga kahawa kacheka, kasema huyo anaijua hali yangu.

Maswali madogo. Baiskeli ya kijana ina gia saba tu, itafaa? Mahandaki yana taa? Maji na chakula tunabeba au tunapata? Na joto la mwezi wa saba huko likoje?

Msambaa_wa_Valence

Gia saba zinatosha mpaka Le Cheylard. Cha kuangalia kwake ni breki. Badilisha mipira ya breki kabla ya kuondoka, maana kurudi ni kushuka siku mbili, na mtoto anaposhuka anashika breki muda wote. Na helmeti si hiari: Ufaransa tangu Machi 2017 mtoto chini ya miaka 12 lazima avae, na faini anaandikiwa mzazi.

Mahandaki ya Dolce Via ni mafupi, lakini usitegemee taa ya mtu. Kila baiskeli iwe na taa yake mbele na nyuma. Kutoka kwenye jua la saa saba ukaingia kwenye giza, sekunde chache huoni kitu, na anayetoka upande wa pili naye haoni. Mfundishe kijana agonge kengele kabla ya kuingia, siyo akiwa ndani.

Hatari yenyewe si handaki, ni makutano. Kila njia inapokatiza barabara kuna vizuizi vya mbao au chuma, unapita kwa kujipenyeza. Mtoto anakuwa ameshazoea kuwa hakuna gari, amelegea, anajipenyeza na kuendelea bila kutazama. Sisi tuliweka sheria: kwenye kizuizi mguu chini, wote. Hata mimi. Binti yangu alikuwa ananidai euro moja kila nikisahau. Safari ile alinunua aiskrimu tatu kwa pesa yangu.

Maji: makaburini. Usicheke. Kila kijiji cha Ufaransa kina makaburi, na karibu kila makaburi yana bomba kwa ajili ya watu wanaomwagilia maua. Waendesha baiskeli wote tunajaza hapo. Soma kibao kwanza. Kikiandikwa "non potable" usinywe. Na ingieni kwa adabu, mtoto asipige kelele, kama ambavyo ungefanya kwetu.

Chakula ndiyo pigo la wageni wengi. Kijijini duka linafungwa saa sita mchana mpaka saa nane, wakati mwingine saa tisa. Jumatatu duka la mkate linaweza lisifunguliwe kabisa. Mimi Jumatatu moja nilikula kitunguu kibichi na jibini, basi. Nunueni mkate asubuhi mapema, ufungeni juu ya keria. Mwezi wa saba pichi zimeiva bonde zima, wakulima wanaziuza pembeni, nunueni za kula siku ile ile, maana kwenye begi zinageuka uji.

Joto ni kali, nyuzi 30 na zaidi si ajabu. Tokeni saa moja asubuhi, saa sita muwe mtoni. Eyrieux wanaoga watu, maji maangavu, mawe makubwa ya kukalia.

FundiSpoku_Lyon

Naomba nipinge kidogo, Msambaa usikasirike. Mimi ni fundi baiskeli hapa Lyon, mtu wa Bukavu. Kila kiangazi naona familia zinarudi kutoka Ardèche na minyororo imegeuka chaki kwa vumbi jeupe. Kwa mama mwenye hofu na mtoto wa gia saba, kwa nini usimpeleke Bourgogne? Givry mpaka Cluny, kilomita 44, lami, vilima vya mizabibu pande zote. Ndiyo voie verte ya kwanza Ufaransa nzima, ilifunguliwa 1997. Stesheni za zamani bado zipo, unakaa pale unakula. Cluny yenyewe ina abasia ambayo kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote kwa Wakristo wa Magharibi mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro kule Roma.

Na ukiendelea kusini kuelekea Mâcon kuna handaki la Bois Clair, zaidi ya kilomita moja na nusu. Wakati wa baridi wanalifunga kwa ajili ya popo waliolala humo, lakini mwezi wa saba liko wazi. Nje nyuzi 33, ndani unatafuta sweta. Mwanangu mdogo mpaka leo akiulizwa likizo ilikuwaje anasimulia handaki tu, abasia haikumbuki hata kidogo.

Halafu iko karibu zaidi kwa mtu anayetoka Ubelgiji.

Msambaa_wa_Valence

Fundi, sikasiriki, na ulichosema cha mnyororo ni kweli. Lakini soma swali. Kijana kataka milima. Bourgogne ni vilima, vizuri sana, ukiviona unatamani kulala. Mtoto wa miaka 11 aliyesema Ubelgiji ni chapati, ukimpeleka Givry atakuambia hii nayo ni chapati ya kumimina. Bonde la Eyrieux ukitazama juu shingo inauma: ngazi za mawe mlimani ambazo wazee walizijenga kwa mikono ili wapate pa kulima, miti ya châtaigne juu yake, zile kokwa wanazochoma barabarani mijini wakati wa baridi. Mimi ni Msambaa, nikiona ngazi za mawe shambani najua mgongo wa nani uliuma.

Ukisema Passa Païs ningekaa kimya.

FundiSpoku_Lyon

Hapo sawa. Passa Païs ndiyo kipenzi changu, sikuitaja kwa sababu ni mbali, kusini kabisa, Mazamet mpaka Bédarieux, kilomita kama 75 ndani ya milima ya Haut-Languedoc. Dada, iandike kwenye daftari la mwakani. Karibu na Courniou unaingia kwenye handaki, na mlima ule ndio unaogawa maji: mvua ikinyesha upande wa Mazamet inaishia Atlantiki, ikinyesha upande wa pili inaishia Mediterania. Baadaye unavuka daraja la chuma Olargues, kijiji kiko juu ya mwamba, mto Jaur chini. Mtu mwenye hofu ya magari anaweza kupita siku mbili pale akasahau sauti ya injini.

Kwa Ardèche nakuongezea moja la kifundi: beba tyubu mbili za kila saizi, siyo viraka peke yake. Wakifyeka vichaka pembeni matawi ya miiba yanabaki njiani, na mwiba ule unapita tairi kama sindano ya gunia.

Nyuki77

Maji ya makaburini na kitunguu kibichi. Halafu mnaita likizo.

MamaZuhura_Gent (mrejesho, tarehe 14 mwezi wa saba)

Wapendwa, niliahidi mrejesho. Tumerudi juzi, viungo vyote vipo.

Tulikwenda Dolce Via. Siku ya kwanza kilomita tano za mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kila dakika. Sikio linatafuta gari. Halipo. Kuna mto, kuna nyenje wanapiga kelele mpaka unafikiri nyaya za umeme zinaungua, basi. Sijui ilikuwa wapi hasa, labda baada ya Saint-Fortunat, nikagundua nimeachia breki muda mrefu, vidole vimelegea juu ya usukani. Sikumwambia mtu. Nimewaambia ninyi.

Goti la mume wangu lilifika Le Cheylard bila malalamiko. Lilianza kulalamika njiani kwenda Les Nonières, akashuka, akasukuma, akasema yeye atasubiri kivulini. Tukamkuta tunaporudi amelala, kofia usoni.

Sheria ya mguu chini tuliifuata. Nimelipa euro nne. Baba yake saba.

Pale Les Ollières tulikaa na mzee mmoja, akamwambia kijana kwamba akiwa mdogo alikuwa anapanda treni hiyo, na kwenye kona kali watoto walikuwa wanaruka chini, wanachuma pichi, wanakimbia na kurukia behewa la nyuma. Sijui kama ni kweli. Kijana kaamini yote, na siku mbili zilizofuata kila kona alikuwa anapima kama angewahi.

Jumatatu tulinusurika kwa sababu ya Msambaa. Mkate wa Jumapili, mgumu kama kifuu, tuliuchovya kwenye chai.

Pancha moja, mwiba, kama alivyosema Fundi. Tyubu ya pili sikuihitaji, ila usiku nililala vizuri kwa sababu ilikuwepo.

Swali la mwisho: vumbi jeupe la kule limeganda kwenye minyororo yote mitatu, baiskeli zinalia kama panya. Nalitoaje?

Msambaa_wa_Valence

Mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Sugua kiungo kwa kiungo huku unazungusha pedali kinyumenyume. Suuza, kausha na kitambaa, acha juani saa nzima, halafu oili tone moja kila kiungo, ufute inayozidi. Hakikisha mswaki ni wa zamani kweli, usije ukachukua wa shemeji.